Msalaba Usiegemee Upanga



Mjini Lisbon, nchini Ureno, ndani ya makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, imewekwa monstransi ya dhahabu ambayo sifa zake zimeenea pote. Katikati yake pana kioo, ndipo mahali pa kuwekea Ekaristi Takatifu. Kuzunguka kioo hicho Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, na juu kabisa ameketi Mungu Baba. Aliyeamuru itengenezwe ni Mfalme Manuel wa Kwanza, nayo ilimalizika mwaka 1506. Wageni husimama mbele yake, hustaajabia ustadi wa fundi, kisha huenda zao. Ni wachache waulizao dhahabu ile ilitoka wapi.

Ilitoka pwani yetu. Ilitoka Kilwa.

Ni dhahabu ya kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502, Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya mji na mizinga yake na kumlazimisha mtawala yule ajitie chini ya mfalme wa Ureno. Mwaka uliofuata dhahabu ikafika Lisbon, na mfalme akaona vema ifanywe chombo cha kumtukuza Mungu. Hivyo mali iliyotwaliwa kwa vitisho, kutoka kwa watu wasiokuwa Wakristo, ikawa kiti cha Mwanakondoo wa Mungu, ambaye hakumtisha mtu yeyote.

Hatuandiki habari hizi ili kuwalaumu wafu, wala ili kuwafedhehesha Wareno mbele ya mataifa mengine. Twaziandika kwa kuwa ndani ya chombo kile limo swali ambalo kila kizazi cha Wakristo hakina budi kulijibu, na sisi pia: Je, Injili yahitaji mkono wa wenye enzi ili isimame? Na enzi ile ikianguka, Injili itaanguka nayo?

MISALABA MIWILI YA KILWA

Kilwa haikuwa kijiji cha wavuvi tu. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman. Magofu ya msikiti mkuu, ya jumba la Husuni Kubwa, na ya Songo Mnara jirani yake yangaliko, na tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Mji huo ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba, ukaishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na jahazi zake zilijua njia za Arabuni na Bara Hindi.

Basi mnamo Julai 1505 Francisco de Almeida akafika na merikebu za vita. Alidai kwamba mtawala, Amir Ibrahim, hakulipa kodi wala hakutoka kumlaki. Tarehe 24 Julai, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, askari wakashuka pwani. Amir akakimbia, na mji ukatekwa siku ile ile. Mtu aliyekuwamo katika safari ile aliandika yaliyofuata. Mapadre Wafransisko walishuka wakibeba misalaba miwili, wakaandamana wakiimba Te Deum hadi kwenye jumba la mtawala. Hapo msalaba ukawekwa, na jemadari akasali mbele yake. Baada ya sala askari wote wakaanza kuupora mji.

Msomaji mpenzi, tafakari mpango wa mambo hayo: askari kwanza, kisha msalaba, kisha sala, kisha uporaji. Mama wa Kilwa aliyejificha nyuma ya mlango akiwakumbatia watoto wake aliona nini siku ile? Hakuwa amesikia hata neno moja la Hotuba ya Mlimani. Hakuambiwa habari za Mwana mpotevu, wala za Msamaria mwema. Aliona miti miwili iliyopishana, ikibebwa na watu walioimba kwa lugha asiyoijua, na nyuma yao watu waliobeba nguo zake na chakula chake. Huo ndio uliokuwa ukurasa wa kwanza wa katekisimu aliyofunuliwa.

Wareno wakajenga ngome wakaiita kwa jina la Mtakatifu Yakobo. Wakamweka mtawala waliyempenda wao, naye hakudumu. Biashara ikahama, fitina zikaongezeka, na mwaka 1512 wakaiacha ngome wakaenda zao. Hatusikii kwamba nyuma yao palibaki kanisa, wala familia moja iliyosali Baba Yetu jioni. Kilichokuja begani mwa askari kiliondoka pamoja na askari. Yaliyobaki ni kumbukumbu chungu, na mambo yaliyofuata hayakuiponya. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Mnunuzi huyo alitoka katika nchi ya Kikristo, na wanadamu aliowanunua walikuwa watoto wa bara letu.

KAISARI NA MFALME WA UAJEMI

Labda mtu atasema: Hayo ni makosa ya Wareno, wala si jambo la Kanisa zima. La, mtihani huu ni mzee kuliko Ureno. Ulianza siku zile Kaisari alipoacha kuwatupa Wakristo kwa simba, akaanza kuwaita rafiki zake. Wazee wa Kilwa walisimulia kwamba wafalme wao wa kwanza walitoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi. Basi na tuanzie Uajemi huko huko.

Mwaka 313 Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu, na Kanisa likapumua baada ya mateso ya miaka mingi. Twamshukuru Mungu kwa neema hiyo. Lakini Konstantino hakuishia hapo. Alimwandikia barua Shapur, mfalme wa Uajemi, akijitokeza kama mlinzi wa Wakristo waliokaa chini ya mfalme huyo. Pengine alikusudia mema. Lakini Uajemi na Roma walikuwa maadui, na Konstantino mwenyewe alifariki mwaka 337 akijitayarisha kwenda kupigana na Waajemi. Shapur akaona hivi: hawa Wakristo wa nchini mwangu wana mungu mmoja na Kaisari, basi moyo wao uko kwa Kaisari. Akawatoza kodi maradufu. Askofu wao mkuu, Simeoni, akakataa kuwa mtoza kodi wa watu maskini, akauawa katika miaka ya 340 pamoja na mapadre wengi. Mateso yakaendelea mpaka mfalme yule alipokufa mwaka 379.

Wakristo wale hawakuwa wameona askari hata mmoja wa Roma akija kuwatetea. Walilipa kwa damu yao urafiki ambao hawakuuomba. Wahenga wetu wasema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Sasa angalieni mwaka 410. Tarehe 24 Agosti mwaka huo Alariki na Wagothi wake waliingia Roma, mji ambao haukuwa umetekwa na adui wa kigeni kwa karibu miaka 800. Wakristo wengi walifadhaika kana kwamba Mungu mwenyewe ametekwa. Walikuwa wamezoea kudhani kwamba Roma ikiwa ya Kikristo haitaanguka, na kwamba ikianguka dunia imekwisha. Katika mwaka huo huo, miezi michache kabla, maaskofu wa Uajemi walikusanyika huko Seleukia karibu na Mto Tigri, kwa ruhusa ya mfalme asiyekuwa Mkristo, wakaliweka Kanisa lao katika utaratibu mpya baada ya damu nyingi kumwagika. Magharibi, Kanisa lililomtegemea Kaisari lilikuwa likilia. Mashariki, Kanisa lisilokuwa na Kaisari lilikuwa likiinuka kutoka mavumbini.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliwajibu waliofadhaika kwa kitabu kikubwa kiitwacho Mji wa Mungu. Alitumia zaidi ya miaka kumi kukiandika. Fundisho lake, kwa kifupi, ni kwamba ipo miji miwili iliyochanganyika duniani, mmoja umejengwa kwa kujipenda, wa pili kwa kumpenda Mungu. Na mji wa Mungu haufanani na dola yoyote, hata dola iliyobatizwa. Augustino alifariki mwaka 430, wakati Wavandali wameuzingira mji wake. Hakuona ushindi wowote kwa macho yake. Hata hivyo ukweli watulazimu kuongeza jambo moja: mtu huyu mkuu mwenyewe, ambaye mwanzoni hakutaka wafarakano walazimishwe, baadaye alikubali Kaisari atumie sheria zake kuwarudisha Wadonati kanisani. Ikiwa mtakatifu mwenye akili kama zile alishawishika kuuegemea mkono wa Kaisari, sisi tulio wadogo tujihadhari mara ngapi?

Miaka mia mbili baadaye mambo yakawa mazito zaidi. Mwaka 614 Waajemi waliuteka Yerusalemu na kuuchukua Msalaba wa Bwana. Kaisari Heraklio akapigana nao miaka mingi, akawashinda, na mwaka 630 akaurudisha Msalaba Yerusalemu. Masimulizi ya kale yasema kwamba alipofika langoni akiwa amevaa taji na mavazi ya dhahabu, akaubeba Msalaba mabegani, hakuweza kupiga hata hatua moja. Ndipo Askofu wa mji akamwambia kwamba mavazi yale hayafanani na umaskini wa Yesu aliyepita hapo. Kaisari akavua taji, akavua viatu, akavaa nguo duni, naye akaweza kupita. Yawe yalitukia hivyo au sivyo, waliosimulia waliijua siri ya Msalaba kuliko jemadari wa Kilwa.

Lakini Heraklio aliyevua taji langoni alilivaa tena ikulu. Huko Misri na Shamu, Wakristo walikuwa wamegawanyika tangu Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, na maofisa wa Kaisari waliwatesa wale waliokataa maneno ya Mtaguso huo. Wakapigwa, wakafukuzwa, na makanisa yao yakatwaliwa, yote kwa jina la umoja wa Wakristo. Basi majeshi ya Waarabu Waislamu yalipotokea, Yerusalemu ukafungua milango yake miaka minane tu baada ya Msalaba kurudishwa, na Misri nayo ikafuata upesi. Sababu za vita zilikuwa nyingi, wala hatusemi kwamba ni hiyo peke yake. Lakini katika Misri walikuwako Wakristo wengi ambao hawakutoa machozi kwa ajili ya Roma. Kaisari aliyejiita mlinzi wa imani alikuwa amewachosha.

Na lile Kanisa la Uajemi? Wamonaki wake na wafanyabiashara wake walizifuata njia za misafara hadi Bara Hindi na Uchina. Katika mji wa Xi'an liko jiwe kubwa lililochongwa mwaka 781, nalo lasimulia kwamba mhubiri wao aitwaye Alopen alifika huko mwaka 635, bila merikebu ya vita na bila mzinga. Walitengana nasi katika namna ya kueleza fumbo la Kristo, jambo ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili na Patriarka wao walilitolea tamko la pamoja mwaka 1994. Lakini katika hili ni walimu wetu. Nao pia hawakuokoka na mtihani. Jiwe lile limejaa sifa za wafalme wa Uchina waliowalinda. Mwaka 845 mfalme mwingine alipogeuka na kuzipiga marufuku dini za kigeni, Kanisa lile likanyauka. Ulinzi wa wenye enzi ni kivuli cha mti usiokuwa wako: mwenyewe akiukata, umebaki juani.

NJIA YA LIWALE

Sasa turudi nyumbani, tena pwani ile ile.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba ya serikali ya Wajerumani. Walikuwa wamelazimishwa kuilima katika mashamba ya pamoja. Walipigwa viboko, walitozwa kodi, na walichopata kilikuwa kidogo mno. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa maji, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini moto ulikwisha kuwaka.

Katika siku hizo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, alitoka Kilwa kwenda Peramiho kwa njia ya Liwale. Alifuatana na Bruda Andreas, Bruda Gabriel, Sista Felicitas na Sista Cordula. Tarehe 14 Agosti, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wote watano waliuawa kwa mikuki huko Mikukuyumbu. Kabla ya mwezi ule kwisha misioni ya Nyangao ilishambuliwa, na Sista Walburga akapotea maisha. Lukuledi nayo ikateketezwa.

Kwa nini waliuawa? Si kwa kuwa walilima pamba kwa viboko, maana hawakufanya hivyo. Wala si kwa kuwa watu wa Liwale walikuwa wameipima Injili wakaikataa, maana wengi wao hawakuwa wameisikia. Waliuawa kwa kuwa machoni pa watu wale ngozi yao, lugha yao na bendera iliyowatangulia vilikuwa vya mtawala. Neno la Kijerumani la mfalme wao ni Kaiser, nalo si jina jingine ila Kaisari. Yaliyompata Simeoni katika Uajemi yaliwapata na hawa: walihesabiwa kuwa watu wa Kaisari.

Twawaheshimu marehemu hao kwa moyo wote. Walijitoa, na damu yao i katika udongo wetu. Lakini heshima kwao haitufungi kinywa tusiwaheshimu na wale waliopigana. Malalamiko ya watu wa Umatumbi yalikuwa ya haki. Mtu aliyelazimishwa kulima shamba la mwingine huku shamba lake likimea magugu ana haki ya kulalamika mbele ya Mungu na wanadamu. Na kisasi cha serikali kilipita kiasi: vijiji vilichomwa, ghala ziliteketezwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya Wajerumani ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengine wametaja 250,000, au zaidi ya hapo.

Mwaka 1906 Wabenediktini walirudi, wakaanza upya Ndanda, na baada ya miaka hapo pakawa na hospitali iliyowapokea wagonjwa wa dini zote. Lakini Kaisari aliyedhaniwa kuwalinda hakudumu hata miaka kumi na tano. Mwezi Oktoba 1917, huko Mahiwa, karibu na Nyangao ile ile, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipambana siku nne katika vita vikali kuliko vyote vya kampeni ile, na waliokufa pande zote mbili walikuwa zaidi Waafrika. Bendera ya Kaisari ikashuka. Mapadre na masista Wajerumani wakachukuliwa mateka na kuondolewa nchini.

Nani basi aliyebaki? Walibaki makatekista, watu wa mshahara mdogo, wasiokuwa na bunduki wala cheo. Walibaki akina mama waliojua rozari kwa moyo. Walikusanya watu siku ya Jumapili bila Misa, wakabatiza watoto waliokuwa katika hatari ya kufa, wakawazika wafu kwa sala. Ngome ya Kilwa ilikuwa na mizinga, nayo haikudumu miaka minane. Makatekista wa kusini hawakuwa na kitu, na kazi yao ndiyo iliyozaa majimbo tuliyo nayo leo: Nachingwea, lililoundwa mwaka 1963 na tangu 1986 kuitwa Jimbo la Lindi, na Mtwara, tangu mwaka 1972.

YATUPASAYO SISI

Akina baba, akina mama, na ninyi vijana: mambo haya yote yatuhusu nini?

Kwanza, tusiombe upanga. Siku hizi hapana anayeomba merikebu za vita zije Kilwa. Lakini upanga una sura nyingi. Mara ngapi, baraza jipya la mawaziri linapotangazwa, tunakaa barazani kuhesabu wangapi ni wa kwetu na wangapi ni wa kwao? Mara ngapi tunamshangilia mgombea kwa sababu tu ana jina la mtakatifu, pasipo kuuliza kama anakula rushwa? Mara ngapi tunampa mwanasiasa nafasi ya kunena mbele ya altare, kwa kuwa ameahidi mabati ya kanisa? Mabati hayo ni ndugu wa dhahabu ile ya Lisbon. Tuyapime vizuri yalikotoka kabla hatujayaweka juu ya nyumba ya Mungu.

Hatusemi kwamba Mkristo akimbie siasa. Hasha! Apige kura, agombee, atumikie. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria Misa bila kukoma. Lakini alipofika Dar es Salaam katika miaka ya 1950 kuanza kazi ya uhuru, waliompokea na kumsaidia walikuwa hasa wazee Waislamu wa mji, naye hakutaka kamwe serikali iwe na dini. Imani yake ilimfanya mtumishi wa wote, Waislamu na Wakristo, na wasiokuwa na dini hizo mbili. Tofauti iko hapo: Mkristo huingia katika utawala ili ahudumu, si ili alitafutie kundi lake mahali pa juu.

Pili, tusichanganye haki na upanga. Labda mtu atauliza: Mbona Wakristo wanauawa katika nchi nyingine, nasi twaambiwa tusitafute ulinzi? Ni kweli. Mwezi Julai 2014 Wakristo wa Mosul, katika nchi ile ile ya Tigri walikokusanyika maaskofu wa mwaka 410, waliamriwa wabadili dini, walipe kodi, au wafe. Wakakimbia na nguo walizovaa. Kusini ya Mto Ruvuma, katika Cabo Delgado, vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewaondoa mamia ya maelfu ya watu majumbani mwao. Lakini angalieni ni nani waliokimbia Cabo Delgado: Wakristo na Waislamu pamoja, wakibeba watoto wao katika njia moja. Basi serikali inao wajibu wa kumlinda kila raia, wala tusione haya kuudai wajibu huo. Lakini tuudai kwa ajili ya wote. Ulinzi wa sheria kwa kila mtu ni haki. Upanga wa dini yetu dhidi ya dini nyingine ni kurudi Kilwa mwaka 1505.

Kanisa lenyewe limelisema jambo hili wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu yeyote asilazimishwe katika mambo ya imani, kwa kuwa hadhi ya mtu yadai hivyo. Na tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimwomba Mungu msamaha hadharani kwa ajili ya wana wa Kanisa waliotumia nguvu wakidhani wanaitumikia kweli. Ikiwa Baba Mtakatifu hakuona haya kuomba msamaha, sisi tusione haya kuwaeleza watoto wetu yaliyotendeka pwani hii. Mtoto aliyeambiwa ukweli nyumbani hatatikisika atakapousikia nje.

Tatu, tujenge kwa vitu vile visivyotekwa. Ninyi mkaao Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Lindi na Mikindani mwajua kwamba Wakristo ni wachache katikati ya jirani Waislamu. Msiuone uchache huo kuwa aibu. Jirani yako akifiwa, uwe wa kwanza kufika. Katika Ramadhani umheshimu afungaye. Deni lako dukani ulilipe kwa siku yake. Mtoto wako asimcheke mwenziwe aendaye chuoni. Nyumbani mwako isaliwe rozari kila jioni, kwa sauti ya upole, isiyoshindana na mtu. Hivyo yule mama wa Kilwa, ambaye wajukuu wake ni jirani zako, atafunuliwa ukurasa mwingine wa katekisimu, ulio tofauti na ule wa kwanza.

Bwana wetu alipokamatwa bustanini, Petro alichomoa upanga kwa ajili yake. Hakuna upanga uliochomolewa kwa sababu njema kuliko ule, maana ulimtetea Mungu mwenyewe. Hata hivyo Yesu alimwamuru aurudishe alani mwake, akaliponya sikio la mtumwa aliyejeruhiwa. Na asubuhi yake, mbele ya Pilato, mjumbe wa Kaisari, alikana kwamba ufalme wake ni wa dunia hii. Pilato amekwenda, na Kaisari wake amekwenda. Shapur, Heraklio, Almeida na Kaiser wote wamekwenda. Majumba ya Kilwa yamebaki kuta tupu, na popo wanakaa ndani.

Monstransi ile ya Lisbon nayo imekaa ndani ya kioo cha makumbusho, bila Ekaristi ndani yake, ikitazamwa tu. Lakini Jumapili hii, katika kigango fulani cha Lindi chenye kuta za udongo, Padre atainua Hostia juu ya kikombe cha bei ndogo kilichonunuliwa kwa sadaka za korosho na ufuta, sadaka ambazo hakuna aliyelazimishwa kuzitoa. Hapo ndipo Bwana alipo. Twendeni tukamwabudu, tukawaombee na jirani zetu wote.